Droo Sita za Cherehani ya Bibi

Cherehani ya Bibi ni Singer ya miguu, ile yenye meza ya mbao na droo tatu kila upande. Imekaa baraza ya nyuma, hapa Malindi, tangu sijajua kusoma. Mkanda wake ulipokatika nikaziomba droo. Binti yangu huchora picha ndogo, saizi ya kadi ya posta: mashua za Mayungu, mama muuza samaki, mnazi ulioinamia maji. Ukiitundika picha kama hiyo kwenye ukuta mpana, inapotea. Droo ikiegemezwa ukutani, mdomo ukitazama chumbani, inakuwa kidaka.

Mambo haya wazee wa pwani waliyajua zamani. Kwenye magofu ya Gede, yaliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, vidaka vimo ndani ya kuta zenyewe. Mambrui nako, mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye mnara wa kaburi. Kitu kidogo kilipewa shimo na kivuli chake, ndipo jicho likatulia juu yake.

Ijumaa, baada ya swala, nikashika nyundo. Msumari wa kwanza uliingia kama kwenye muhogo uliochemka. Hapo ningepaswa kuacha, kwani nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Nikatafuta misumari mirefu zaidi.

Usiku, kusi ikivuma, tukasikia kishindo. Droo nne zilikuwa chini, na kipande cha lipu cha upana wa sinia kimezifuata. Kitako cha droo moja kilipasuka, kikamwaga unga wa bungua. Picha ya mnazi ilichanika. Binti yangu hakulia. Aliviokota vipande kimya, akavipanga sakafuni, nami roho ikaniuma kumtazama.

Bibi alikuja na tochi. Aliinua droo moja, akapitisha kidole kwenye kona ya ndani palipokuwa pamenasa uzi wa samawati.

"Huu wa sare yako ya darasa la kwanza, mjukuu wangu."

Mimi ndiye niliyelia.

Fundi wa chokaa alikataza saruji. Ukuta wa chokaa hupumua, alisema. Ukiuziba kwa saruji unyevu hubaki ndani, na chumvi hula lipu kutoka nyuma. Akapaka chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba, kila moja akiingoja ikauke. Akatuambia droo tuzipange moja juu ya nyingine juu ya ubao, uzito ubebwe na sakafu.

Tulipanga tano. Ya sita, yenye uzi, Bibi aliidai irudi kwake. Tulimnunulia mkanda mpya, na kila alasiri cherehani inasikika tena barazani. Picha ya mnazi tumeigundisha, mshono wake unaonekana. Chini yake kuna picha mpya, ndogo kuliko zote: kona ya droo, na uzi wa samawati.