Bahari Haisomi Ratiba

Sisi watu wa Pwani hatungoji simu ili tujue wageni wa bara watakuja lini. Tunatazama mwezi. Idi el-Fitri haiji mpaka mwezi uandame. Pasaka nayo ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, ule wa tarehe 21 Machi au baada yake. Na mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari huingia kwenye bamvua: ikijaa inagonga kuta, ikikupwa inakwenda mbali mpaka unaona miamba ambayo siku nyingine hujui kama ipo. Kwa hiyo wale waliopanga kalenda za dini zetu, bila kushauriana, wamewaletea wageni wa Tanga balaa moja. Wanapata likizo wakati maji yanapokupwa kuliko siku zote. Tena siku za bamvua maji hapa kwetu hukauka mnamo saa nne asubuhi, ndiyo saa ambayo mgeni ameshakunywa chai, ameshavaa bukta, ameshaning'iniza taulo begani, anauliza, "Bahari iko upande gani?"

Pasaka hiyo waliobisha hodi ni marafiki zangu wa chuo, kutoka Mwanza. Mmoja ni mhasibu, nami humu nitamwita Mhasibu, maana hata likizo hakuwa ameacha kazi. Mwingine ni mkewe, Shemeji, mwanamke wa maneno machache yanayouma. Wa tatu ni Mwalimu, mzee wa kanisa. Mhasibu alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na bahasha moja ya ratiba. Ratiba ilikuwa imechapwa, ina safu nne: Muda, Shughuli, Mhusika, Maoni. Kila mtu alipewa nakala yake. Mimi mwenyeji nilikuta nimepangiwa "Usafiri, Chakula na Mengineyo".

Ijumaa Kuu ilikuwa ya Mwalimu, ikapita salama kanisani. Jumamosi, kwa mujibu wa ratiba, saa 4:00 asubuhi ilikuwa "Kuogelea baharini (wote)".

Tukafika Raskazone. Mhasibu akavua shati, akatembea kwa madaha mpaka ukingoni, akasimama. Mbele yake palikuwa na tope, majani ya bahari, ngalawa zilizolala ubavu, na akina mama wameinama mbali kule wakiokota kombe. Maji yenyewe yalikuwa mstari wa buluu karibu na mbingu.

"Maji yamekatika?" akauliza.

Nikamwambia yamekupwa, yatarudi.

"Saa ngapi?"

"Yatajaa saa kumi jioni."

"Na mlitangaziwa?"

Nikaona nimweleze polepole, maana mtu wa ziwani hana kosa. Ziwa Victoria pamoja na ukubwa wake wote halina kupwa na kujaa unakoweza kukuona kwa macho. Huku kwetu, siku za bamvua, kati ya maji makavu na maji makuu pana tofauti inayopita mita 3. Yanajaa mara mbili, yanakupwa mara mbili, na kesho yake yote hayo yanasogea mbele dakika arobaini, hamsini hivi. Mhasibu alisikiliza, akasema bahari ingekuwa mtumishi wa serikali ingeshaandikiwa barua: haiwezekani mtu akachelewa kila siku, tena kwa kuzidisha.

"Ziwa letu lina adabu," Shemeji akamalizia. "Unalala umeliacha palepale, unaamka unalikuta palepale."

Lakini ratiba ni ratiba. Mhasibu akaamua kuyafuata maji huko yaliko, na taulo lake, na sabuni. Naam, sabuni. Mwanamume wa Mwanza akienda ziwani anakwenda na sabuni. Akatembea, akatembea, mpaka akapata kidimbwi cha maji ya magoti kati ya mawe. Akakaa humo, akaanza kujisugua. Povu halikutoka. Akasugua tena, ukatoka utando wa kijivu ukamganda kifuani. Kutoka pale alipokaa tukamsikia akiilaani sabuni, kwamba ameuziwa feki dukani. Watoto watatu waliokuwa wakisaka pweza na vijiti vyao wakaja kumzunguka. Mkubwa wao akamwamkia vizuri kabisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, hayo ni ya chumvi. Sabuni haikubali."

Mhasibu akainuka kwa hadhi, kama mtu aliyekuwa anafanya jaribio la kisayansi na sasa amepata majibu, akaweka mguu wa kulia juu ya nungu wa bahari.

Asiyemjua mdudu huyo asitamani kumjua. Ni mpira wa miiba mirefu myeusi, na mwiba ukiingia hukatikia ndani. Mhasibu alirudi ufukweni akining'inia mabegani mwa Mwalimu. Dawa ya wavuvi ni utomvu wa papai bichi, kwa hiyo mtoto mmoja akatumwa papai, Mwalimu akaushika mguu, mimi nikachanja papai na kudondosha maziwa yake juu ya vidoti vyeusi, na mgonjwa akataja majina ya mitume ambao Mwalimu alisema hawamo kwenye Biblia. Shemeji alikuwa ametulia chini ya mvinje. Akaichukua nakala yake ya ratiba, akatafuta "Kuogelea baharini", na kwenye safu ya Maoni akaandika: "Utekelezaji unaendelea."

Mchana tukaenda Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji, barabara ya Horohoro. Nilidhani mapango ya chokaa yaliyoanza kuchongwa na maji kabla babu zetu hawajafikiriwa hayatakuwa na ugomvi na ratiba ya mtu. Mwongozaji akatutembeza na kurunzi yake, akatuonyesha miamba yenye sura za wanyama, akatuambia wazee walisimulia kwamba njia za humu chini hutokea Mombasa. Mhasibu, akiruka kwa mguu mmoja, akataka kilomita kamili. Kwa kweli wataalamu walikwisha kupima mwaka 1994, wakakuta mapango ni zaidi ya moja na lile refu kuliko yote halifiki kilomita 1. Lakini ukiwa mle ndani, popo wakipita juu ya utosi, Mombasa haikuonekana mbali.

Tukafika mahali pa mzimu, ambapo watu hupeleka shida zao na kuacha sadaka. Kulikuwa na chupa za marashi, vitambaa na sarafu. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Mhasibu akasogea mbele.

"Hizi hela nani anazikagua?"

"Mwenyewe," akajibu mwongozaji.

"Mwenyewe nani?"

Kurunzi ikazimika. Betri tu, lakini swali lile halikurudiwa. Gizani nilisikia Mwalimu akisali kwa kasi ambayo kanisani hajawahi kuifikia. Kurunzi ilipowaka tena, Mhasibu alikuwa ameshaweka shilingi mia tano juu ya jiwe. Nje kwenye mwanga akadai zilimdondoka.

Jumapili tulisali, tukala, tukalala. Jumatatu ilikuwa siku kubwa yenyewe: "Kisiwa cha Maziwe, pikiniki, saa 4:00 hadi 10:00."

Maziwe iko baharini mbele ya Pangani. Zamani ilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga mayai. Miti ikaisha, mchanga ukahamahama, na tangu miaka ya 1980 kilichobaki ni fungu jeupe ambalo maji yakijaa linazama lote. Ni hifadhi ya bahari, na matumbawe yake mgeni akiyaona husahau hata deni. Nahodha wetu, kijana mwenye kofia ya mpira iliyopauka, alitufikisha maji yakiendelea kukupwa, akatushusha, akasema kwa upole, "Saa nane tuondoke."

Mhasibu akafungua bahasha. "Tumelipia mpaka saa kumi."

"Sawa, bosi. Mimi naweza kukaa mpaka saa kumi. Nina boti. Wewe utakaa wapi?"

Mhasibu akatazama kushoto, mchanga, kulia, mchanga. Akaona anatishwa apunguziwe muda. Tukatandika mkeka palipoinuka, tukasimika mwavuli, tukapanga machungwa, na katikati tukaweka hotipoti kubwa ya pilau. Mwalimu akaenda kutazama samaki kwa miwani ya kuazima. Mhasibu, kwa ajili ya mguu, alikataa kuingia majini; akabaki kulinda chakula.

Maji ya bamvua yakirudi juu ya fungu hayana kishindo. Kwanza mchanga chini ya mkeka unapata ubaridi, nawe unadhani ni kivuli. Halafu kaa anatoka kwenye tundu lake, anakutazama, anaondoka upande upande kwa haraka. Halafu tundu lile linabubujika. Halafu ukingo wa mkeka unainuka wenyewe, unashuka, unainuka. Kufikia hapo nahodha alikuwa ameshang'oa nanga, amesimama na mpondo mkononi, anatusubiri bila neno.

"Kuna nini?" Mhasibu akauliza, na ndala zake zikampita.

Tukakusanya tulichoweza. Mwavuli ukapatikana, mkeka ukapatikana, machungwa yalikwenda kila mmoja na njia yake. Tulipokwisha kupanda wote, Shemeji akahesabu vyombo, akauliza kwa sauti ndogo, "Pilau?"

Hotipoti ilikuwa imefungwa vizuri, kwa hiyo ilielea vizuri. Ilikuwa inaondoka taratibu, imesimama wima, haina wasiwasi, inaelekea Pemba. Mhasibu hakungoja nahodha ageuze boti. Alijitosa na suruali yake, na mkanda wake, na kalamu mfukoni, akapiga mbizi moja ya kiziwani safi kabisa, akaifuata. Alipoishika, akarudi akiisukuma mbele yake kwa kichwa huku tukimpigia makofi. Ndani ya boti Shemeji alikuwa ameshatoa nakala yake iliyolowa. Kwenye "Kuogelea baharini" akafuta maoni ya zamani, akaweka alama ya vema.

Pilau ilikuwa kavu. Nusu yake alikula nahodha, na hakuna aliyethubutu kuhoji.

Wakati wa kurudi tulipita Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi yenye nguzo, mengine nguzo zimesimama, mengine zimelala. Mzee mmoja wa hapo akatuketisha kivulini akatupa habari. Kwamba mwezi Aprili 1498, Vasco da Gama akipita hapa kwenda Mombasa, meli yake moja, São Rafael, ilipanda fungu alfajiri, maji yakakupwa, ikabaki imekaa kavu. Wareno wakangoja maji yajae. Wakiwa wanangoja, wenyeji wakawajia na mitumbwi, mmoja umejaa machungwa, na mwandishi wao aliyasifu kuwa yanayashinda ya Ureno. Januari 1499, wakirudi kutoka India na mabaharia wamepukutika, meli ileile waliichoma moto hapahapa.

Sijawahi kuona mtu akifarijiwa na historia namna ile. Mhasibu alikuwa na chumvi kwenye nyusi, suruali imekakamaa, mguu una bendeji. Akakaa wima.

"Kwa hiyo na yeye hakuuliza maji yanakupwa saa ngapi?"

"Angeuliza nani, mwanangu?" mzee akasema. "Alikuwa na haraka."

Hapo mzee alisema kila nilichotaka kuwaambia tangu Jumamosi. Mtu wa bara huja akiihesabu bahari kuwa kivutio, mahali penye saa za kufungua na kufunga. Huku bahari ndiye mwenye nyumba. Mvuvi huamka inapotaka aamke, hata kama ni saa tisa usiku. Mama wa pweza hupika chakula cha mchana kulingana nayo. Fundi aliyemaliza jahazi hulishusha bamvua, si tarehe aliyoahidi. Nasi tunaoishi kwa saa za ofisini tunajua: ukiona maji hayapo, tafuta kivuli, menya chungwa, ongea na mwenzako. Miaka mia tano na ushee imepita, na dawa ya kukwama ni ileile.

Jumanne nikawapakia kwenye basi. Saa moja haijatimia, Shemeji akanipigia simu kutoka Muheza. Basi limesimama, wauza machungwa wamelizingira, na mumewe ametoa kichwa dirishani anamhutubia kijana mwenye kapu. Anamwambia kwamba kihistoria, mgeni aliyekwamishwa na maji katika mkoa huu huletewa machungwa bila malipo, na ushahidi upo tangu mwaka 1498.

"Kijana anasemaje?"

"Subiri, nakuwekea spika."

Nikasikia honi, nikasikia kuku, kisha sauti ya kijana, taratibu, haina haraka hata kidogo:

"Yule tulimpa, mzee. Mwaka 1505 wenzake wakarudi na mizinga. Elfu mbili fungu."