Nimelipa Nisiguswe

Mwenzangu, kuna kazi humu mjini hatukuambiwa. Shuleni tuliimbiwa udaktari, uhasibu, uhandisi. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyesema kuna watu wanalipwa kwa kutokushika. Narudia: kutokushika. Mikono inapita juu yako, inaelea, haitui. Saa nzima. Shilingi 80,000. Na ukitoka unasema asante.

Chanzo ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, Mama Neema. Huyu binti kila mwezi ana jipya. Mara maji ya uvuguvugu na limao. Mara kulala bila mto. Mara kutembea pekupeku kwenye majani, kwetu Tabata, ambako kwenye majani ndiko chupa zinakovunjikia. Jumapili hiyo kaja kula pilau, kanikuta nimeegemea fremu ya mlango najisugua bega. Bega hili linauma tangu enzi. Unatarajia nini? Mtu unasimama kwenye daladala, umeshika bomba la juu, Tabata hadi Posta, foleni ya Buguruni haisogei, konda anakuambia sogea nyuma kuna nafasi. Nafasi iko wapi? Nyuma kuna mama na ndoo ya samaki.

"Shemeji," akasema, "nishati yako imeziba."

Nikamwambia kilichoziba ni sinki la jikoni, na fundi anataka elfu thelathini. Hakucheka. Mama Neema ndo akacheka, ila alinicheka mimi. Wakaingia chumbani wakanong'ona. Hapo nikajua. Ndugu wawili wakinong'ona huku wanachungulia bega lako, pesa inatoka.

Basi nikapelekwa Mikocheni. Nyumba imejificha nyuma ya maua, kibao hakuna. Mlinzi akaniuliza nimeleta mzigo gani. Nikasema nimekuja kutibiwa. Akaniangalia juu hadi chini, akasema mafundi wanapitia geti dogo. Sikubishana. Nikapita geti dogo.

Ndani wakaniambia vua viatu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana soksi zangu za kazini zina siri. Ya kulia, kidole gumba kimetoka chote, kimekaa nje kinatazama wageni. Nikakikunja. Sasa jaribu kutembea umekunja kidole gumba. Unachechemea. Dada wa pale, mpole, sauti ya chini kabisa, akauliza: "Pole kaka, na mguu nao unasumbua?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akaandika kwenye fomu. Nimeingia na ugonjwa mmoja, kabla sijakaa ninayo mawili.

"Nia yako ya leo ni nini, kaka?"

"Bega."

"Namaanisha nia ya ndani."

"Lipo ndani ya shati, dada yangu."

Akavuta pumzi. Akawasha mshumaa, mchana kweupe, umeme upo. Akaanza kunisimulia habari za tiba yao, inaitwa Reiki. Kwamba kuna Mjapani, Mikao Usui, alipanda mlima Kurama karibu na Kyoto mwaka 1922, akafunga siku 21, akashuka ana nguvu ya kuponya mikononi. Mimi nikifunga mpaka alasiri nashuka na vidonda vya tumbo. Kwamba baadaye kuna mama wa Hawaii, Hawayo Takata, mwenye asili ya Japani, aliumwa, akatibiwa hukohuko Japani kwenye kliniki ya Chujiro Hayashi, mwanafunzi wa Usui aliyekuwa afisa wa jeshi la majini. Akajifunza kazi, akarudi nayo kwao 1937. Hadithi tamu, inatiririka.

Kuna sehemu dada hakunisimulia, nimeikuta mwenyewe kwenye simu nikiwa na hasira zangu. Huyo Mama Takata, ukitaka kuwa mwalimu kamili wa Reiki, ada yake ilikuwa dola 10,000. Dola, siyo shilingi. Na miaka ya sabini hiyo. Na watu walikuja! Mpaka anafariki 1980 alishawapa ualimu watu 22. Piga hesabu mwenyewe, mimi hesabu ziliniacha darasa la sita. Halafu sisi tulimwonea Babu wa Loliondo. Mnakumbuka 2011, nchi nzima imehamia Samunge, foleni ya magari haina mwisho? Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Mia tano tu! Na angalau ulimeza kitu.

Haya, nikalala chali. Mto chini ya magoti. Wakaweka muziki wa maji yanachuruzika. Mwenzangu, mimi nimetoka nyumbani na vikombe viwili vya chai, ndo unaniwekea maji yanachuruzika? Nikabana. Nikafumba macho. Nikangoja mafuta.

Maana mimi nilijua kuna mafuta. Kwetu mtu akikuambia tiba ya mikono unajua ni kuchuliwa. Marehemu bibi yangu ukiteguka mguu alikuwa anapasha mafuta ya nazi, anakukalia paja, anabonyeza palepale panapouma. Ukilia anasema ndo dawa inaingia. Upande wa Mama Neema, Unguja huko, bibi harusi anasingwa kwa liwa na asumini na karafuu mpaka nyumba ya tatu wanajua kuna shughuli, na ile mikono ya somo anayemsinga inasugua kweli, ngozi inabadilika rangi. Hata kwa kinyozi wangu pale mtaani. Ukimaliza kunyolewa, dada anakupaka skrabu, anakuosha, anakuchua kichwa, anashuka shingoni anabonyeza mpaka unasikia ko! Tena anakuuliza habari za mechi. Unatoka pale unajisikia umeshikwa.

Hapa kimya. Nikafungua jicho moja. Mikono ile, juu ya kichwa changu, imesimama hewani. Nikasema labda anapima kwanza, fundi cherehani naye hupima kabla ya kukata. Nikafumba. Nikafungua. Bado anapima. Nikamuuliza kwa adabu tunaanza saa ngapi. Akasema tumeshaanza zamani. Wengine huweka mikono mwilini taratibu, akanieleza, lakini mimi nishati yangu imejaa upande wa nje, kwa hiyo atafanyia kazi hukohuko nje. Yaani hata nishati yangu haikai nyumbani.

Tumbo likanguruma. Maharage ya asubuhi. Chumba kizima kimesikia. Dada akanong'ona, "Vizuri sana, inaachia." Nikabana zaidi, maana mimi ndiye ninayejua kingine ambacho kingeachia.

Halafu ghafla mguu wa kushoto ukawa wa moto. Kweli tupu, sikudanganyi. Joto linaanzia kwenye kifundo, linapanda ugoko, linafika gotini. Mwili ukanisisimka. Nikasema uwii, shemeji kumbe anajua! Nikashindwa kujizuia: "Dada, naisikia! Ipo mguu wa kushoto!"

Sauti ikajibu kutoka upande wa kichwani: "Kaka, mimi bado niko utosini."

Nikafungua macho. Pazia limeachana kidogo. Jua la saa nane, jua la Dar unalijua, limeingia moja kwa moja mguuni kwangu.

Nimekuja kugundua nina ndugu Ufaransa. Mwaka 1784, Mfalme Louis XVI aliunda tume kuchunguza mambo ya daktari mmoja pale Paris, Franz Mesmer, aliyesema kuna nguvu fulani ya sumaku haionekani, yeye anaipitisha kwa mikono na watu wanapona. Tume yenyewe ya vichwa: Lavoisier mwanakemia, na Benjamin Franklin, yule mzee wa kwenye noti ya dola mia. Wakaingia bustanini kwa Franklin. Mwanafunzi wa Mesmer akautia nguvu mti mmoja. Wakaleta kijana wa miaka 12, wamemfunga kitambaa machoni, wakampitisha mti hadi mti. Mti wa kwanza akatoka jasho, akakohoa. Akaendelea hivyohivyo, hali inazidi kuwa mbaya, mti wa nne akazimia kabisa, akabebwa. Mti wenye nguvu? Uko kulee, hata hajaufikia. Kijana yule ningemkumbatia. Angeniuliza tu, "Na wewe ulikuwa jua au mti?"

Lakini linaloniuma zaidi ni lile la mtoto. Marekani, miaka ya sabini, profesa wa uuguzi anaitwa Dolores Krieger na mwenzake Dora Kunz walianzisha tiba ya jamii hiihii. Manesi wanapitisha mikono juu ya mgonjwa, wanasema wanaisikia nguvu inayomzunguka. Ikashika kasi, ikaingia mahospitalini. Ndo akatokea mtoto wa Colorado, Emily Rosa, miaka 9, anatafuta mradi wa sayansi wa shule. Akachukua kadibodi, akaitoboa chini. Mtaalamu anapenyeza mikono yake miwili, viganja juu, haoni upande wa pili. Mtoto anarusha sarafu kuamua, kisha anaweka mkono wake juu ya kiganja kimoja, bila kugusa. Haya sema, niko kulia au kushoto? Basi, ni hivyo tu. Wataalamu 21, majaribio 280. Wakapatia 123. Asilimia 44! Yaani ukibahatisha huku unatafuna karanga unapata nusu. Mwaka 1998 utafiti ukachapwa kwenye jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, mtoto ana miaka 11. Mimi nikiwa na miaka 11 nilikuwa nachapwa mwenyewe.

Nikamsimulia Neema wangu, yuko darasa la nne. Akakimbia dukani kwa Mangi akarudi na boksi la biskuti. Tukamkalisha shemeji. Shemeji akafumba macho, akapumua kwa tumbo, akakosa, akakosa, akapatia, akakosa. Akasema boksi la biskuti lina nailoni ndani, inazuia. Wakaniita mimi. Nikapenyeza mikono. Nikapatia. Nikapatia tena. Nikapatia zote! Sebule nzima kimya. Mke wangu kashika mdomo. Shemeji anasema unaona, njia zimefunguka, 80,000 haijaenda bure. Sikuwaambia kwamba Neema alikuwa anakula embe, na kila akileta mkono maji yananidondokea kiganjani.

Matokeo yake kila jioni Mama Neema ananinyooshea miguu: "Baba Neema, hebu fanya hicho kipawa chako." Nachua. Kwa mafuta ya nazi, kwa kugusa. Analala hapohapo kwenye kochi, mimi nabaki na bega langu na vyombo vya kuosha.

Ila nisiwe mnyimi wa fadhila. Kule Mikocheni, baada ya lile la jua, nililala. Nililala fofofo, nikaamshwa na mkoromo wangu mwenyewe. Simu imezimwa. Hakuna anayedai ada ya shule. Hakuna konda. Nilivyoamka dada akaniuliza nimeona rangi gani. Sikuona rangi yoyote, nilikuwa nakoroma. Lakini mtu kakuhudumia saa nzima, unaona aibu kumnyima rangi. Mimi shabiki wa timu ya Jangwani, nikasema kijani. Akatikisa kichwa kwa huruma: kijani ni moyo, moyo wako umebeba majeraha mengi. Hapo alipatia, lakini shabiki yeyote wa mpira nchi hii ukimwambia hivyo umepatia.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Hiyo nishati hakuna chombo kilichowahi kuipima, na mtoto wa miaka 9 aliwashinda wataalamu kwa kadibodi. Kulala chali chumba chenye utulivu, pumzi zimeshuka, mtu mpole yuko pembeni anakujali, hiyo inatuliza, hata madaktari hawabishi. Ukiwa na hela yako ya ziada nenda, lala. Dawa za presha na sukari usiache hata kidonge, hata wakikuambia umefunguka mpaka dirisha. Na soksi kagua kabla hujatoka nyumbani.

Bega bado linauma. Sasa linauma na deni, maana ile elfu themanini niliikopa kwa shemeji huyohuyo. Kama unamjua mchua misuli, awe Buguruni, awe Temeke, mwenye mafuta na vidole vya kubonyeza, nitumie namba yake. Bei isizidi elfu kumi. Ila tuma usiku, shemeji akishaondoka.