Faida ya Vitumbua Tumeila Wenyewe

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna watoto wa shule ya msingi na kompyuta moja inayogombewa na watu wazima na wadogo, sogea hapa tuliwazane. Kwangu Morogoro siku hizi hakiliwi kitu kabla hakijaingizwa kwenye Excel. Nyanya zinaingizwa, vocha inaingizwa, na nauli yangu ya bodaboda inaingizwa kisha inaulizwa maswali.

Wanaoendesha shughuli hiyo ni wawili. Binti yangu wa darasa la tano tunamwita Mkaguzi, maana tangu akiwa mdogo hakubali chenji bila kuihesabu mbele ya muuzaji. Mdogo wake wa darasa la tatu ni Kwanini, na ukikaa naye jioni moja utajua jina limetoka wapi. Juu yao yuko mama yao, Waziri, mwenye kompyuta na mwenye kauli ya mwisho juu ya kila shilingi. Na juu ya Waziri yuko mama yangu mzazi, Gavana, ambaye akiba yake hukaa kwenye pindo la kanga na vitumbua vyake vinajulikana mtaa mzima. Shemeji Kesho haishi hapa, ila kila vitumbua vinapoiva utamkuta barazani. Ukimuuliza deni, jibu lake ndilo lililompa jina.

Chanzo cha yote ni tebo. Mkaguzi alikuwa anazikariri kwa machozi, hasa ya saba na ya nane, nami siamini kwamba mtoto anayelia anaingiza kitu kichwani. Nikaiomba kompyuta kwa Waziri, nikapewa kwa masharti. Tukaandika 1 hadi 10 kwenye mstari wa juu, 1 hadi 10 kwenye safu ya kushoto, kisha kwenye kisanduku cha kwanza Mkaguzi akaandika =$A2*B$1 na kuiburuta mpaka kona ya mwisho. Visanduku 100 vikajaa papo hapo. Gavana akauliza dola za Wamarekani zimefuata nini ndani ya nyumba yake. Tukamweleza kwamba hapa alama hiyo si fedha, inashikilia safu au mstari usihame wakati fomula inaburutwa. Hakuridhika mpaka tulipoziondoa mbele ya macho yake na karibu majibu yote yakaharibika.

Tebo iliyojazwa na mashine haimfundishi mtoto kitu kama ataiangalia tu na kuondoka. Kilichotusaidia ni Kwanini, aliyetaka kujua kwa nini 56 imeandikwa mara mbili. Mkaguzi akazipaka rangi zote mbili: moja ni 7 mara 8, nyingine 8 mara 7. Akaendelea kupaka, akaona kwamba kila jibu lina pacha wake ng'ambo ya mshazari wa 1, 4, 9, 16 hadi 100. Akafuta mapacha wote, akahesabu visanduku vilivyobaki. Vilikuwa 55. Mtoto aliyekuwa analilia majibu mia alikwenda kulala akiwa na hamsini na tano, na mengi kati ya hayo alikuwa anayajua tayari.

Gavana akataka kujua kitu hiki kaleta nani. Nikamsimulia habari za Dan Bricklin, mwanafunzi wa Harvard kule Marekani, ambaye mwaka 1978 alimtazama mwalimu akiandika jedwali la hesabu ubaoni. Namba moja ikikosewa, ilibidi kufuta na kuandika upya nyingine zote zinazoitegemea. Bricklin akawaza ubao unaojirekebisha wenyewe. Mwaka 1979 yeye na mwenzake Bob Frankston wakatoa VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, na Excel ikafuata mwaka 1985, kwanza kwenye Macintosh. "Kwa hiyo huyo kijana alichoka kufuta," akasema Gavana, na akaagiza vitumbua vyake navyo viingizwe.

Hapo ndipo amani ya nyumba ilipotutoka.

Mkaguzi akatengeneza safu za kiasi, bei na gharama. Mchele kilo 2 kwa 3,000, sawa, 6,000. Alipofika kwenye sukari, nusu kilo, akaandika 1/2 kama alivyofundishwa darasani, na kompyuta ikaigeuza kuwa tarehe 1 Februari. Mbaya zaidi, gharama ya sukari ikaruka na kupita shilingi milioni 130. Gavana akashika kichwa. Waziri alikuwa jikoni anakoroga mchuzi, wala hakuja kutazama. "Nusu kilo ni elfu moja na mia tano," akasema. "Tafuteni mlipokosea."

Tukatafuta. Kumbe kwenye Excel tarehe ni namba iliyovaa nguo nyingine: ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, nayo sasa imepita 45,000. Mashine ilikuwa imezidisha siku hizo zote kwa bei ya sukari bila kushtuka. Tukaandika 0.5, kukatulia. Tangu jioni ile Waziri ameweka sheria ambayo naiunga mkono kwa moyo wote: hakuna kubonyeza Enter kabla kila mtu hajasema jibu lake. Atakayetofautiana na kompyuta anapewa penseli na karatasi aoneshe njia. Mashine haijui bei ya sukari. Mtoto anapaswa kuijua.

Tuendelee. Nazi mbili 2,000, mafuta 2,500, hamira na iliki 500. Jumla 12,500. Vitumbua 80 kwa shilingi 200 ni 16,000, faida 3,500. Gavana akatabasamu. Kwanini akauliza, "Na mkaa je?" Mkaa wa vitumbua hutoka kwenye gunia la nyumbani, ninalonunua mimi, kwa hiyo haujawahi kuhesabiwa. Ukawekwa, 2,000. Faida ikashuka mpaka 1,500. Kisha Mkaguzi akafungua kisanduku kipya, akakiita "Vilivyoliwa nyumbani", akaandika 6. Ikabaki shilingi 300.

Ukimya ulioingia pale sebuleni siwezi kukusimulia. Kwanini akabadilisha 6 kuwa 8, namba ikawa nyekundu: hasi 100. Namba hasi hajafundishwa bado shuleni, lakini aliielewa mara moja. "Baba, ukiongeza viwili bibi anadaiwa." Nimeona watu wazima wakihangaika na somo hilo kwa muda mrefu, na mwanangu amelipata kwenye sahani yangu.

Tukairudisha 6, tukajadili kupandisha bei iwe 250. Sheria ni sheria, kila mtu aseme kwanza. Kwanini akasema faida itakuwa 350, kwa kuwa tumeongeza 50. Mkaguzi akamshushia karatasi: hamsini inaongezeka kwa kila kitumbua, vipo 74 vya kuuza, hivyo 3,700, ukijumlisha 300 ni 4,000. Enter. Elfu nne. Waziri akatupa swali gumu: wateja wakikimbia bei? Mkaguzi akawa anapunguza idadi ya vinavyouzwa kidogo kidogo mpaka faida ikafika sifuri. Vilikuwa 58. Gharama zote 14,500 ukigawa kwa 250 ndiyo hiyo 58 kamili, na aliigawa mwenyewe kwa mkono kuthibitisha.

Shemeji Kesho sasa ana mstari wake, na kila asubuhi jumla ya deni lake inasomwa kwa sauti. Juzi alilipa. Mimi nilipigiwa kura nikashindwa: kitumbua changu nalipia kama mteja mwingine.

Mwenzangu, usingoje shule ipate chumba cha kompyuta. LibreOffice Calc, inayofanya kazi kama Excel, ni ya bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Chukua hesabu za nyumba yako halisi, sukari, mkaa na nauli, mwache mtoto aandike fomula mwenyewe, na umdai makisio kabla ya Enter. Na ukipita Morogoro, karibu nyumbani. Kitumbua ni shilingi 250, na Kwanini atataka kujua umekula vingapi.