Vidole vya Siagi

Waingereza, ambao aghalabu huona haya kutukana waziwazi, wamemtungia mtu ambaye kila akishikacho humtoka jina la jikoni: humwita butterfingers, yaani mwenye vidole vya siagi; na maana yake haihitaji mfasiri, kwa kuwa kila aliyepata kupaka mkate siagi na kisha akataka kufungua kitasa cha mlango aijua.

Tuhuma hii si ya jana. Mnamo 1615 Gervase Markham, aliyekuwa askari na bingwa wa mambo ya farasi kabla ya kujitia katika mambo ya majiko, alipiga chapa kitabu cha kuwafunza wake wa Kiingereza kazi za nyumbani, na katika sifa za mpishi mwema akaweka sharti kwamba asiwe na vidole vya siagi, wala asiwe mlafi wa vitamu, wala mwoga, kwa sababu wa kwanza hudondosha kila kitu, wa pili hula kile kilichompasa kukizidisha, na wa tatu hupoteza wakati kwa kusitasita. Sidhani kuwa maulana huyo alipata kubeba vyungu vingi.

Katika The Pickwick Papers, riwaya ya Charles Dickens iliyotoka sehemu kwa sehemu baina ya 1836 na 1837, jina hilo lasikika penye mchezo wa kriketi. Wasioujua mchezo huo na wafahamu kwamba tufe lake ni la ngozi ngumu, lenye uzito wa gramu 160 hivi, na kwamba wadakaji wote, ila yule mmoja asimamaye nyuma ya vijiti, hudaka kwa mikono mitupu. Basi tufe hilo likiwashukia kutoka mawinguni, vidole huwa na sababu njema ya kusita. Kando ya kiwanja yupo Bwana Jingle, mtu aliyejialika mwenyewe, ambaye siku ile hakugusa tufe wala gongo, naye ndiye awapigiaye kelele wadakaji, huyu mjinga, yule vidole vya siagi. Kisha huwasimulia maajabu aliyoyafanya yeye katika mchezo huo huko West Indies, na kuketi katika karamu yao akala akashiba.

Nilipomsoma Jingle nilimtambua mara moja, kwani nimelelewa naye. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa kadhi wa mikono ya watu. Mahakama yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu, na toka hapo hapana kilichoshikwa ukumbini wala uani asikione. Siku moja ya Idi dada yangu alitoka ndani na sinia la vikombe vya kahawa, mtoto mmoja akampita miguuni akimfukuza kuku, na vikombe vikashuka sakafuni kimoja baada ya kimoja, pasipo haraka, kana kwamba vimekwisha kufanya shauri. “Vimeniponyoka,” akasema dada, neno ambalo kwa lugha yetu huvitia vikombe hatiani na kuuweka mkono mbali na kesi.

Mjomba hakuukubali utetezi huo. Akaeleza kwa taratibu, mbele ya wageni, jinsi sinia lishikwavyo, kidole gumba kikae wapi na kiwiko kielekee upande gani, na kwamba zama zao wasichana walibeba masinia mawili na mtungi kichwani.

“Mpwa wangu,” akahitimisha, “mikono ni amana.”

Mama alikuwa ameinama akiokota vigae. “Yako ni amana kweli, kaka,” akasema bila ya kuinua uso, “maana hujapata kuitumia.”

Mjomba akaomba kahawa nyingine.

Tena nimeona kwamba jina la siagi huwaandama watu wa vikombe, si watu wa hazina. Mwaka 2006, huko Las Vegas, tajiri Steve Wynn alikuwa akiwaonyesha rafiki zake picha ya Picasso iitwayo Le Rêve, ambayo alikwisha kuafikiana kuiuza kwa dola milioni 139, na katika kuisifu kwake kwa ulimi na kwa mikono pia, akaitoboa kwa kiwiko. Biashara ikavunjika. Watu wakamwonea huruma, wakataja maradhi ya macho aliyokuwa nayo, nayo ni kweli alikuwa nayo. Mafundi wakaitengeneza picha, na mwaka 2013 ikauzwa kwa mnunuzi yule yule, Steven Cohen, kwa dola milioni 155. Vikombe vya dada yangu navyo viliungwa kwa gundi, na bei yao haikupanda hata senti.

Kwa hivyo, iwapo watungaji wa kamusi zetu watataka kuliazima jina hili la Waingereza, hukumu yangu ni kwamba walipe maana mbili: mtu ambaye sinia limemponyoka, na nyingine, ambayo ndiyo itangulie, mtu ambaye hajapata kulibeba.