Barua kutoka Leipzig: Gari la Pamba

Kwa jamaa zangu wa Amani, Unguja, wakubwa kwa wadogo, na hasa Ami pamoja na wazee wenzake wa baraza. Baridi haijafaulu kuniua, na habari za kazi naziacha kwa kuwa hazikuzidi wala kupungua tangu barua iliyopita. Kilichonishikisha kalamu ni kadhia ya Jumamosi, ambayo lau ningehadithiwa na mtu mwingine ningemshauri aende akalale kidogo.

Mnajua kuwa ninacho kigari, cha mwaka 2003, kinachokunywa dizeli, ambacho kimenitii kuliko nilivyostahili. Sasa mji huu wa Leipzig, tangu 2011, umezungushiwa mpaka usio ukuta wala waya, uitwao ukanda wa mazingira, na gari litakalo kuuvuka sharti libandikwe kiooni stika ya kijani, iliyo mfano wa shahada ya kuwa moshi wake una adabu. Stika zimefanywa rangi tatu, nyekundu, manjano na kijani, na kigari changu kimepata ya manjano, maana yake ni kisafi kiasi cha kutotukanwa lakini si kiasi cha kukaribishwa. Nikikiingiza mjini nitatozwa faini ya yuro 100. Basi mimi, mtiifu wa sheria za watu, hukiacha nje ya mpaka nikapanda tramu. Jumamosi hiyo nilikuwa nimesimama kituoni kwa unyenyekevu huo, mara ikatokea, katikati kabisa ya ukanda ulio tohara, Trabant ya mzee jirani yangu, ikitatarika na kufuka moshi wa buluu uliowafunika wapita njia hata viunoni. Na polisi aliyekuwa pale, badala ya kupiga firimbi, alitabasamu akaipungia mkono.

Nikaenda idarani kuuliza, kwa kuwa nilidhani pengine nimefumba macho siku sheria ilipobadilishwa. Karani, mtu mpole, alinifahamisha kuwa gari lililotimiza miaka 30, likawa bado katika hali yake ya asili, hupewa kibao chenye herufi H mwishoni, nalo tangu siku hiyo si gari tena bali ni turathi ya taifa, na turathi haiulizwi moshi. Nikamwambia kwamba na sisi tunazo turathi, Mji Mkongwe umo katika daftari la UNESCO tangu 2000, lakini nyumba za Shangani haziendi huku na huku zikiwatia watu kikohozi. Akacheka kwa taadhima, akapiga hesabu, akanipa hukumu: kigari changu ni kizee mno kuitwa safi na kichanga mno kuitwa turathi, nami nisubiri mpaka 2033. Fikirini, jamaa zangu, hekima ya kanuni hiyo: dawa ya moshi mbaya si kuusafisha, bali ni kuuvumilia hadi uote mvi. Kwetu mambo yamepinduliwa, gari likizeeka ndipo linapoongezewa ushuru bandarini, na kama kanuni hizi mbili zingekutana njiani sijui ipi ingeipisha nyenzake.

Sasa niwaelezeni hiyo Trabant, kwa sababu ni shani. Iliundwa Zwickau, mji wa jirani, kuanzia 1957 hadi tarehe 30 Aprili 1991, zaidi ya milioni tatu, na umbo lake lijulikanalo zaidi, la 601, lilitoka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi yetu. Ujerumani Mashariki ilikuwa na uhaba wa bati la chuma, kwa hiyo mafundi wake walichukua mabaki ya pamba kutoka Umoja wa Kisovieti, wakayatandika tabaka juu ya tabaka, wakayatia gundi ya kikemia, wakayakandamiza kwa moto na mashine nzito mpaka yakawa milango, boneti na paa. Ndiyo, Ami, bodi ya pamba; na swali utakaloliuliza nimekwisha kuliuliza: hapana, ikioshwa hairudi. Mtu aliyeitaka aliandikisha jina lake akangoja miaka kumi na zaidi, na kwa sababu hiyo iliyotumika, kwa kuwa ipo, iliweza kuuzwa ghali kuliko mpya, ambayo haipo. Jirani yangu aliandikisha akiwa kapera. Ilipofika zamu yake alikwenda kuichukua na watoto wa skuli.

Huyu mzee nimemzoea kwa sababu ya nyumba. Jumba letu la zege ni ndugu wa damu wa majumba ya Kikwajuni na Michenzani, kwa kuwa waliotupangia yale baada ya Mapinduzi walikuwa wataalamu wa nchi hii hii. Hivyo nimevuka bahari mbili na jangwa moja ili nije kukaa Michenzani yenye theluji, isiyo na mtu wa kumwomba chumvi. Nilipomhadithia mzee hayo alifurahi mno, na Jumapili akanialika matembezi.

Kabla ya safari alifungua boneti, na humo ndani, jirani na injini, ndimo lilimo tangi la petroli, limeinuliwa juu ili petroli iteremke yenyewe bila pampu, naye akatumbukiza kijiti kupima kilichobaki, kwa sababu gari lake halina mshale wa kumwambia. Kisha akamimina oili ndani ya petroli, nusu lita kwa kila lita 25. Nilisimama nikiangalia kwa macho makavu, na nadhani alitaraji nistaajabu. Lakini mtoto wa Unguja atastaajabu nini hapo, naye amelelewa nyuma ya Vespa? Tulipofika njia panda gari likapwaya, likazima, honi zikaanza nyuma yetu, mzee akainama kutafuta. Mimi, bila kuulizwa, nikapitisha mkono chini ya dashibodi, nikaushika ufunguo wa petroli, nikauzungusha upande wa akiba, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye Vespa ya mjomba kila mwisho wa mwezi, na injini ikawaka. Mzee alinitazama kwa heshima ambayo shahada zangu zote hazijapata kuniletea katika nchi hii.

Lakini lililonipata baada ya hapo sikumwambia. Moshi ulirudi ndani kupitia dirishani, na harufu yake ya oili iliyoungua ilinichukua moja kwa moja hata Darajani saa moja ya asubuhi, Vespa zikipenya baina ya mikokoteni ya ndizi, mtu akipiga simile, na Bi Mkubwa amekaa upande mmoja juu ya kiti cha nyuma, buibui kalikusanya mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Watu wa hapa huziba pua. Mimi niliivuta sumu ile kwa shukrani, nikakohoa, nikavuta tena, mzee akadhani nina mafua akanifungia kioo.

Njiani aliniuliza, kwa hisani, kama na kwetu yamepata kuundwa magari. Ghururi ikanipanda. Nikamtajia Nyayo Pioneer ya Kenya, ambayo Rais Moi aliwaagiza wasomi wa Nairobi mwaka 1986, ikaonyeshwa hadharani 1990, isipate kufika sokoni. Nikamtajia Nyumbu, gari la jeshi letu lililoundwa Kibaha. Nikamtajia Kiira, la umeme, la viti viwili, lililotoka Makerere 2011. Kwa dakika chache nilikuwa Mkenya, Mbara na Mganda kwa pamoja, mimi ambaye nikiwa nyumbani sikubali hata pilau ya Mombasa. Na Unguja? akauliza. Nikawakumbuka maseremala wetu na zile gari za shamba, ambazo bodi yake nzima ni mbao na mabenchi, imejengwa juu ya fremu ya lori, nikamweleza. Mzee akafikiri kitambo, akasema basi sisi ni ndugu: sisi pamba, ninyi mbao, na wote hatuna kutu.

Hapo ndipo wazo liliponijia, nami naliweka mbele ya baraza mlizingatie bila kucheka. Gari lipi limeumbwa kwa ajili ya Unguja kama hili? Hewa ya bahari, inayotafuna magari ya Kijapani mpaka mtu akaiona barabara kupitia sakafuni, haiwezi kuidhuru pamba. Uzito wake ni kilo 600 na ushei, likikwama mchangani wanaume wanne walioshiba hulibeba. Injini yake fundi yeyote wa Vespa ataifungua na kuifunga kahawa haijapoa. Kasoro ni moja, usukani uko kushoto, na atakayetaka kulipita daladala sharti kwanza amwombe abiria achungulie. Lakini nimepata kupanda daladala za kwetu, na sikumbuki kuwa kuchungulia kulikuwa miongoni mwa desturi.

Mzee amelishika jambo hili kwa uzito kuliko nilivyokusudia, ameanza kuniuliza bei ya nazi na kama pweza huliwa mbichi. Swali lake kubwa ni Mji Mkongwe, kwa kuwa picha alizoziona zimemtia shaka. Basi mtumeni mpwa wangu na futi kamba, si kwa hatua zake zile, akapime vichochoro vya Mkunazini mahali baraza mbili zinapotazamana, aniandikie kipimo cha pale palipobana kabisa. Tunahitaji mita moja na nusu, na vioo tutavikunja.