Kioo cha Bwana Gereji
Jirani yetu mpenda vyuma kajinunulia kabati la kupigia mchanga, anang'arisha rimu nyumbani. Hongera zake. Kompresa kubwa, glavu hadi kwapani, taa ndani. Kilichomshinda ni karatasi ya nailoni ya kubandika upande wa ndani wa kioo cha kuchungulia ili mchanga usikikwaruze, ile inayobanduliwa ikichakaa. Hiyo ni ghali, ati.

Sasa analalamika kioo kimeingia ukungu. Mmarekani Benjamin Tilghman alipopata hataza ya kupiga mchanga mwaka 1870, kuchonga kioo kulikuwa miongoni mwa kazi alizozikusudia. Mashine inatimiza wajibu, tena bila kutumwa!

Akabadili, akaweka plastiki. Ikachubuka upesi zaidi, na umeme tuli ukaivutia vumbi lote la kabatini. Feni ya kufyonza vumbi kaizima, eti inampigia kelele. Basi anapapasa tu. Chuma kikitoka nje ndipo anapojua alikuwa akisugua nini. Na mchanga wenyewe ni wa mtoni, uliojaa silika inayoharibu mapafu, ambao Uingereza iliuzuia kwa kazi hii viwandani kwa kanuni za 1949. Tusimsumbue lakini. Mwenyewe anasema anaona vizuri kabisa.