Jinsi ya Kuupeleleza Msitu wa Jirani: Mwongozo kwa Mkazi wa Saza

Hatua ya kwanza: usisafiri. Mtu akitamani kuona viumbe vya porini huambiwa aende Ruaha au Katavi, akodi gari, alipe kiingilio, ashinde juani akimtafuta simba. Mwache simba apumzike. Ukiwa Saza, wilayani Songwe, miombo inaanza pale mashamba ya mahindi yanapoishia. Chagua kipande kidogo tu, chenye ukubwa wa viwanja viwili vya mpira. Kiwe karibu kiasi cha kwenda na kurudi kabla ugali haujapoa, kwa sababu kazi yenyewe ni kurudi tena na tena, masika na kiangazi. Msitu hautoi siri kwa mgeni wa siku moja.

Hatua ya pili: jitambulishe. Mtu anayetembea peke yake vichakani akikodolea macho mashina, katika nchi ya dhahabu, atadhaniwa amenusa mkanda wa mawe. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, eleza unachofuata, kisha umtafute mzee anayetundika mizinga. Mwamkie vizuri kwa shikamoo, ukae chini, usikilize. Yeye ndiye atakayekuonyesha yalipo maduara ya zamani. Eneo hili la dhahabu la Lupa limevuta wachimbaji tangu miaka ya 1920, na mashimo mengi yaliyoachwa yamefunikwa na nyasi. Tembea na fimbo, papasa mbele yako, vaa viatu vilivyofunika mguu, na mvua ikishika usiache njia unayoijua.

Hatua ya tatu: fungua faili. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Chagua miti michache utakayoifuatilia kwa jina: mtundu mmoja, mninga mmoja, na kisiki kimoja kilichokatwa kwa ajili ya matimba ya migodini au mkaa. Kila ukienda andika tarehe, hali ya majani, maua, matunda, na nani umemkuta matawini. Usiandike "miti ni mizuri." Andika "mtundu umebaki na majani nusu, upande wa mashariki umeanza kupukutika." Ukisoma maneno hayo mwakani utajua kama majani yamewahi au yamechelewa.

Hatua ya nne: fuata majira yao, si yako.

Mei hadi Julai mvua imekata na asubuhi kuna baridi. Huu ni wakati wa kusoma ardhi. Vumbi linahifadhi nyayo za usiku, na mwiba mmoja wenye mabaka meupe na meusi unatosha kukuambia kwamba nungunungu amepita. Juu ya mninga tazama matunda yake: duara, bapa, lenye ubawa mkavu pembezoni, na katikati kifundo cha nywele ngumu zinazochoma kidole. Ubawa huo umeumbwa kwa ajili ya upepo.

Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ambayo wapita njia husema msitu umekufa. Usikubali kabisa. Kaa chini ya mtundu saa za mchana, jua likiwa kali. Utasikia mlio mkavu wa kupasuka, kisha kitu kikianguka mbali. Ni ganda la mbegu. Linapokauka, pande zake mbili huvutana kama upinde, hadi mshono unashindwa kuzuia. Pande hizo hujisokota ghafla na mbegu hurushwa mita kadhaa. Okota kipande cha ganda: kigumu, cha kahawia, kimepinda, na ndani yake kuna vishimo ambamo mbegu zililala.

Kisha linakuja jambo kubwa kuliko yote. Wiki kadhaa kabla ya mvua, wakati visima vimekwenda chini na ng'ombe wamekonda, mtundu huchipua majani mapya. Hayatoki kijani. Hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mlima mzima ukawaka bila moto. Mti hauisubiri mvua. Unatumia maji uliyoyaweka shinani na yale ambayo mizizi yake inayafikia chini kabisa. Wekundu ule unahusishwa na kulikinga jani changa lisiunguzwe na jua. Wakati huohuo mninga hujaa maua ya manjano, nyuki wakavuma, na baada ya siku chache maua yote yako chini. Ukichelewa, utasubiri mwaka mzima.

Novemba na Desemba fungua masikio. Kekeo huita kutwa nzima, nyenje wanapiga kelele hadi kichwa kinauma, na mvua ya kwanza ikinyesha kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Ndipo uyoga unapoanza. Mwingi unaoota chini ya mitundu umeshikana na mizizi yake: uyoga huupatia mti madini ya udongo, na mti huulipa kwa sukari ya majani yake. Ukikata mti, umekata na mboga. Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine, huo hulimwa na mchwa wenyewe. Usile usioujua, mfuate mama anayeuokota kila mwaka, naye atakufundisha.

Januari hadi Aprili nyasi zimekupita kichwa, kwa hiyo kazi ni kukaa. Keti kwenye jiwe, zima mlio wa simu, usijikune ovyo. Utaona kimya kirefu, kisha ghafla ndege wa aina nyingi wanapita pamoja, mlamba akiwa miongoni mwao, wakipekua magome na majani. Wakipita, kimya tena. Mwenye haraka huondoka kabla hawajafika. Keremkerem na mbayuwayu waliotoka Ulaya wako angani, na kwenye tundu la mti huenda hondohondo jike amejifungia, mlango umezibwa, umebaki ufa mwembamba wa kupitishia chakula anacholetewa na dume. Tazama kwa mbali. Mzazi huyo hana pa kukimbilia.

Hatua ya tano: ukiitwa, itika. Kuna ndege mdogo anayewaongoza warina asali hadi kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Niassa, Msumbiji, ulionyesha kwamba Wayao wakimwita kwa mlio wao wa jadi, uwezekano wa ndege huyo kuwaongoza hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Akikuongoza, mwachie nta. Deni la ndege ni deni.

Hatua ya sita: peleleza moto. Kwa tathmini ya kitaifa iliyochapishwa mwaka 2015, misitu ilifunika hekta milioni 48.1 za Tanzania Bara, zaidi ya nusu ya ardhi yake, na sehemu kubwa yake ni miombo ya aina hii. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, katika miaka ya 1930 yalilinganisha viwanja vya msitu ili kuona moto unavyoubadilisha. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti na kugeuka nyasi. Vilivyolindwa vilisongamana miti. Andika tarehe ya kila moto unaouona na kilichobaki baada yake. Kisha urudi kwenye kile kisiki chako. Kama hakikuunguzwa wala kung'olewa, kitakuwa kimetoa machipukizi. Miombo hujua kurudi, ikipewa nafasi. Mninga mchanga hata hukauka hadi chini kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku ukinenepesha mzizi, hadi siku unapopata nguvu ya kusimama.

Hatua ya mwisho: peleka faili mkutanoni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wake. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, nenda na daftari. Soma tarehe za moto, taja uyoga ulikoota na ulikokoma, onyesha kisiki kinachochipua. Mtu akisimama akasema kule kuna pori tu, mwalike mwende naye Oktoba, majani yakiwa mekundu.